Nafasi Niliyoijaza

Binti aliingia akiwa na viatu mkononi, maana nilikuwa nimetoka kupiga deki na simenti ilikuwa bado na maji. Kwa hilo peke yake nilimpenda. Alisema anaitwa Divine, ametoka Lubumbashi, ni mtoto wa Marceline, na Marceline alikwisha kufariki tangu mvua za kwanza. Miaka yote hii nilikuwa nikijitayarisha kumwona Marceline mwenyewe amesimama kwenye mlango ule, maneno yangu yakiwa tayari mdomoni, na sasa Mungu alikuwa ameniletea mtoto pamoja na habari ya kifo. Nilimwambia tusiseme kitu kwanza, ale. Alikula bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga na samaki wa kukausha, akamaliza na kulamba kidole gumba kama mama yake, halafu akafungua mfuko wake akatoa karatasi. "Kambo," akasema, kama mjukuu anavyomwita bibi yake, "mi nafanya utafiti. Ni juu ya sheria na usalama wa inchi na hizi masini za sasa, zile zinachukua alama ya vidole na sura ya batu. Banataka kila mutu aingie mu masini. Siye tunauliza: nani ataangalia mule ndani? Sheria itamuzuia namna gani? Mama alisema, mbele ya kufa, niende Kolwezi kwa Fonsine. Alisema Fonsine njo anajua namna ile liste ilitoka."

Hayo tu ndiyo Marceline aliyoniachia. Fonsine njo anajua: Fonsine ndiye anayejua. Nimeyageuza upande huu na upande ule kama mtu anayechagua mchele, na hata leo sijui kama alikuwa ananitumia mtoto ili nimsaidie, au ananitumia mtoto ili nijihukumu. Nilimwambia Divine arudi kesho yake baada ya misa. Nilitaka usiku mmoja wa kupanga mambo. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, na mengine ambayo sikumwambia kwa sababu hayamhusu.

Mwaka ule liste ilipotoka nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nafagia ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya mgodi, hapa Kolwezi. Kila kitu kilikuwa kinaanguka, lakini polepole, kama ukuta wa udongo unaoliwa na mvua. Malori makubwa ya mgodini yalikuwa yanasimama moja moja kwa kukosa vipuri. Hospitali ilianza kuwaambia wagonjwa waje na shuka zao. Unga wa posho ulikuwa unachelewa, na ulipofika ulikuwa na wadudu. Na katikati ya kuanguka huko, masini ikafika, yaani kompyuta, ordinatere ya kwanza ofisini. Hapakuwa na shuka, lakini masini ilikuwapo, na watu wawili wazima waliibeba kwa mikono yao wakipiga kelele kwamba njia ifunguliwe, kama wanaobeba mgonjwa. Iliwekwa kwenye chumba cha nyuma, chumba pekee kilichokuwa na hewa ya baridi, na mimi nikaambiwa nisiingie mule na viatu wala na ndoo iliyojaa. Mama mzazi wa karani aliifumia kitambaa cheupe cha nyuzi cha kuifunika, kama vile watu wanavyofunika radio. Hakuna aliyecheka. Tuliona ni heshima inayostahili.

Karani mwenyewe alikuwa Tata Ilunga, yaani Baba Ilunga. Alizaliwa palepale kambini Musonoi, akasoma palepale, akaoa palepale, na kazi yake ilikuwa kuhamisha mafishi yote, yaani zile kadi za karatasi ngumu za wafanyakazi, kutoka kabatini kwenda ndani ya masini. Kabati lilikuwa refu kuliko yeye. Siku moja nilikuwa napangusa vumbi huku nasoma majina chini chini, akageuka. "Wee Fonsine, unajua kusoma?" Nikasema, "Kidogo, Tata. Masista walinifikisha darasa ya ine." Akasema, "Kidogo njo mingi. Acha ile kitambaa, kuya hapa." Tangu siku ile nilifagia asubuhi mapema, kisha nikakaa kwenye kiti cha mbao pembeni yake, namsomea: jina, jina la baba, tarehe ya kuanza kazi, idadi ya watoto, kijiji cha asili. Yeye alibonyeza. Alikuwa na vidole vinene, na alibonyeza kama mtu anayechoma sindano, akiangalia, akichagua, halafu tak. Alichukia nafasi wazi kuliko kitu chochote. "Nafasi wazi ni kama jino lililong'oka," alikuwa akisema. "Mutu akicheka, unaona ile tu." Nilijifunza kwake kwamba kazi isiyojaa si kazi. Nilikuwa kijana, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kunifundisha kitu akiwa ameketi.

Kulikuwa na mtu wa tatu katika chumba kile. Aliitwa Kalenga, mwanafunzi wa sheria kutoka chuo kikuu, kijana mwembamba wa upande wa Kamina aliyevaa koti moja kila siku. Alikuwa ameomba ruhusa kuandika kitabu chake cha kumaliza masomo, na kitabu kile kilihusu masini: mambo ya mtu yakiingia mule, ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuyaomba. Sisi tulimwita Muvoka, yaani wakili, kwa mzaha, na alikubali. Siku moja nilikuwa nawamiminia chai nikasikia akimwambia Tata Ilunga, "Tata, ile mustari ya kijiji, mu sheria ya leo hakuna mutu anaiomba. Ilikuwa ya Babelgiji. Unaweza kuiacha." Tata Ilunga akacheka. "Si iko mu kabati toka zamani, Muvoka. Unaogopa kabati?" Kalenga hakucheka. Alisema, "Kabati ni kitu ingine. Mutu akitaka kutafuta batu mu kabati, atatoka jasho siku mingi, na siku ya pili atachoka, atakasirika, atarudi kwake. Hii masini haitoki jasho, Tata. Utaiuliza neno moja, itakujibu na batu elfu, na hautakuwa hata umesimama." Tata Ilunga alikoroga chai yake muda mrefu. Akasema, "Mi niko karani. Banasema jaza, najaza." Nilichukua vikombe. Nilisikia yote yale, na sitasema kwamba sikusikia.

Nje, maneno yalikuwa yameanza kuchacha. Sokoni watu walikuwa wanaimba nyimbo ambazo mwanzoni zilikuwa za kuchekesha. Wale ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi walianza kuitwa bilulu, yaani wadudu, na mama niliyekuwa nanunua makaa kwake aliacha kumuuzia jirani yake wa miaka ishirini. Radio ilisema kila mtu ajue kwao. Mimi ni mtu wa Sandoa, humu humu Katanga, na nilisikiliza maneno yale kama mtu anavyosikiliza mvua inayonyesha kwenye paa la jirani. Na jambo hili vijana wa leo hawaliamini: sikumhesabu Tata Ilunga kati ya wale watu. Kwangu alikuwa Tata Ilunga. Jina lile liko Kasai, liko pia kaskazini ya Katanga, na Swahili yake ilikuwa ya kambini kama yetu. Ukimtazama usingejua, na mimi sikuwa namtazama kwa macho hayo. Jumapili nilikuwa nakula kwao. Marceline alikuwa rika langu, tulikuwa tunasukana nywele mlangoni, na bibi yake, yule aliyefuma kitambaa, sote tulimwita Kaku. Kila nikiingia Kaku alikuwa anapiga makofi mara moja. "Yee, kijiti ya kiberiti imefika! Kule Sandoa hakuna mihogo? Marceline, ongeza sahani, huyu upepo utamubeba." Na Marceline alikuwa akijibu, "Kaku, muache, akinenepa nani ataingia chini ya kitanda kufagia?" Mezani palikuwa na sombe, majani ya mihogo yenye karanga, na munkoyo wa kunywa kwenye jagi la bati, na walikuwa wananigombania kama mtoto wao.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu atafikiri nilikuwa mbaya au mpumbavu, na sikuwa hivyo. Kwetu, na kwao pia, kumuuliza mtu kijiji cha babu yake ni salamu. Mkubwa anakuuliza, unasimama, unataja kijiji, unataja mto wake, na kama kuna mti au kilima unakitaja pia. Yule aliyeuliza anajibu neno moja tu: nimesikia. Basi. Mtu asiyeweza kujibu swali lile, zamani zile za wazee wetu, alikuwa ni mtu aliyenunuliwa, yaani mtumwa. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kudanganya juu ya kijiji chake, hata mwaka ule. Tulipotumwa kambini kuuliza waliokuwa na nafasi wazi, wazee walivaa vizuri kwanza ndipo wakasimama mbele yetu. Walitoa vijiji vyao kama mtu anayetoa kuku kwa mgeni.

Halafu Tata Ilunga akashikwa na malaria. Siku ya pili ya ugonjwa wake, mkubwa wa ofisi aliingia katika chumba cha baridi na viatu vyake, akasema, "Nani anajua kutumia hii kitu?" Nilikuwa peke yangu na ufagio. Akasema, "Bakubwa ba usalama banaomba. Ni mambo ya usalama wa inchi. Siku ya ine masini iwe imejaa, hakuna nafasi hata moja." Kalenga alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Akauliza kwa upole barua ya kuomba iko wapi, na ni sheria gani inaruhusu. Mkubwa alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Wee ni mwanafunzi," akamwambia. "Kwenda kusoma." Kesho yake Kalenga hakuruhusiwa kuingia getini, na sikumwona tena maisha yangu yote.

Nilikuwa nimetazama vidole vya Tata Ilunga kwa miezi saba. Nilijua kidude cha kwanza na kidude cha mwisho. Niliiuliza masini nafasi zilizokuwa wazi, ikanitolea karatasi yenye matundu pembeni, na juu yake majina kumi na moja. Kumi nilikuwa na majibu yake kwenye daftari. La kumi na moja lilikuwa la Ilunga, karani, Musonoi. Nilicheka peke yangu. Mtu yule aliyenichosha na jino lililong'oka, jino lake mwenyewe limemtoka! Niliona huruma pia, niliona aibu kwa ajili yake, kwamba wakubwa watasoma na kumwona karani wao kama mtu aliyenunuliwa. Sikukumbuka chai. Sikukumbuka maneno ya Kalenga juu ya jasho. Mtu anaweza kusikia jambo zima, kila neno, na lisikae popote ndani yake.

Nilienda kwao mchana na machungwa mawili. Tata Ilunga alikuwa amelala amefunikwa mablanketi, meno yanagongana, hakunijua. Marceline alikuwa amekwenda kuchota maji. Kaku alikuwa jikoni anatwanga, akanikaribisha kwa jina la kiberiti kama kawaida. Nikamwambia, "Kaku, Tata alisahau kuandika kijiji cha baba yake. Naomba unitajie, nimalize kazi yake." Aliacha kutwanga. Alipangusa mikono, akafunga kitenge vizuri, akasimama wima, mwanamke yule aliyekuwa na mgongo uliopinda. Akataja kijiji cha mume wake. Akataja mto unapopinda, na mti ambao nyuki hawauachi. Sikuwahi kumwona na uso ule. Na mimi, badala ya kujibu neno linalojibiwa, nilisema, "Sema tena polepole, Kaku, ninaandika." Akasema tena polepole. Nikaandika. Jina la kijiji kile siliandiki hapa. Niliandika mara moja na inatosha.

Nilirudi ofisini, nikaondoa kitambaa cheupe, nikabonyeza herufi moja moja. Masini ikakubali. Niliiuliza nafasi zilizo wazi, ikajibu kwamba hakuna. Nilifurahi. Lazima niseme kweli: nilitembea kurudi nyumbani nikiimba.

Liste, yaani orodha ya majina, ilibandikwa ukutani wiki ya pili yake, karatasi ndefu yenye matundu pembeni iliyofika mpaka chini ikajikunja sakafuni. Haikusema wafukuzwe. Ilisema tu: wafuatao, kwa sababu ya asili yao, wanasimamishwa, na nyumba za kampuni zirudishwe. Kufukuza kulifanywa na wengine, waliokuwa wamesubiri kwenye uzio na fimbo na petroli, na ambao waliisoma liste kwa sauti, mtaa na namba ya nyumba. Waliokuwa na nafasi wazi masini haikuwataja. Nilikuja kujua baadaye kwamba walikuwapo, kwenye ofisi nyingine, ambako karani alikuwa mvivu. Familia zao zingine ziko Kolwezi mpaka leo. Watu wananiambia, Mama Fonsine, wangemjua tu, jirani angemsema. Labda. Jirani hakusema. Mimi ndiye niliyeandika.

Tata Ilunga alikuja siku ile amekonda, koti limekuwa kubwa. Alisoma tangu juu, bila haraka, mkono mgongoni, kama anavyosahihisha. Alipofika kwenye jina lake alisimama. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo. Aligeuka, na aliponiangalia ndipo nilipokumbuka chai. Yote yalinirudia kwa mara moja, na kijiko kikizunguka. Alikuwa amemsikiliza Kalenga. Kwa ajili ya watu wote alijaza, maana ndiyo kazi, na kwa ajili ya nyumba yake, mara moja katika maisha yake, aliacha wazi. "Ni nani alikuambia?" akauliza chini chini. Nikasema, "Kaku." Alifunga macho. Nilingoja anipige, na ingekuwa vizuri. Akasema, "Sikia, Fonsine. Usimuambie. Atasema ni yeye njo aliuza mutoto wake. Na Marceline pia usimuambie. Ikae kwako." Halafu akaingia chumba cha baridi, akakunja kitambaa cha mama yake mara nne, akakitia mfukoni, akatoka.

Walikaa stesheni wiki tano wakingoja treni, wao na watu wengi sana, wamelala chini ya mabehewa yaliyokufa, wanapika mvua ikinyesha. Nilikuwa nawapelekea bukari kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Nilisuka nywele za Marceline palepale kwenye reli. Alikuwa ananiambia, "Wee peke yako njo haukutukana," na mimi nilikuwa nasuka. Kaku alikuwa bado ananiita kiberiti, lakini sauti ilikuwa imeshuka, na siku moja alinishika mkono akasema, "Niliwaza, yule aliyeandika kijiji chetu, aliandika vizuri. Hata kama ni kwa ubaya, kimeandikwa." Sijui kama alikuwa ameelewa. Tata Ilunga alitazama upande mwingine. Kaku alikufa kabla treni haijafika. Walimzika kwenye makaburi ya kambi, palepale walipokuwa wanaambiwa si kwao.

Haya nilimwambia Divine, baada ya misa, mlango ukiwa wazi. Sikumwomba msamaha, aliyetakiwa kuombwa alikuwa amekwisha kuondoka, na mtoto si ndoo ya kumwagia. Alikuwa ameacha kuandika tangu jikoni kwa Kaku. Kisha alisema tu, "Mama alikuwa anafikiri ni babu mwenyewe alijiandika. Juu ya kiburi ya kazi. Mama alikufa hajamusamehe." Hilo sikulijua. Miaka ile yote nilifikiri nimebeba mzigo peke yangu, kumbe yule mzee alikuwa amebeba sehemu yangu mbele ya mtoto wake, na hakuitua.

Nilimwuliza kama kazi imekwisha. Akasema bado karatasi moja ya kuonyesha kwamba nimekubali. Alinisogezea. Nikavaa miwani, nikasoma: jina, umri, kazi, anwani. Na chini yake: kijiji cha asili, na nukta nukta.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Ni ya kazi tu, Kambo. Juu ya kupanga majibu."

"Tata Ilunga naye alisema ni ya kazi."

"Itaingia mu ordinatere yenye neno la siri. Hakuna mutu ata—"

"Kabati nayo ilikuwa na ufunguo, mwanangu."

Alitazama karatasi yake kama ameandikiwa na mtu mwingine. Uso ulimbadilika, na kwa mara ya kwanza niliona babu yake, palepale mbele ya ukuta, mkono mgongoni. Kisha akachukua kalamu na kuchora mstari mzito juu ya nukta zile, na juu ya karatasi nyingine zote za mfuko wake, moja moja, akihesabu kimya kimya ni watu wangapi alikwisha kuwauliza.

"Lakini mi sikununuliwa," nikamwambia. "Weka kalamu chini."

Akaiweka. Nilisimama, na magoti yangu si ya kusimama haraka. Nilimtajia kijiji cha babu yangu, na mto wake, na kilima. Alisema, "Nimesikia." Halafu, bila kuulizwa, akasimama naye, akafunga kitenge, akashika kiwiko cha mkono wake wa kulia. Akataja kijiji. Akataja mto unapopinda. Akataja mti ambao nyuki hawauachi, kwa maneno yaleyale, hakuna lililopungua, yeye ambaye hajawahi kufika huko.

Mikono yangu ilikuwa mitupu. "Nimesikia," nikasema.